Tangazo Lililokosa Jina

Jana mteja wangu mmoja wa uji aliniuliza mahali pa kuuza friji kuukuu apate pesa mkononi siku hiyohiyo. Nikamwelekeza kwa Mumuni, kule Kumasi, kichochoro cha nyuma ya soko, pale televisheni zilipopangwa mpaka barabarani. Mumuni hanunui maneno. Lazima ukiwashe kitu mbele yake, akisikie kikinguruma, ndipo aingize mkono mfukoni. Mdomo wake una pilipili lakini hela yake ni safi. Kila kitu cha umeme kina mnunuzi pale, hata kilichoungua. Sikumwambia habari ya vile vipaza sauti vinne vilivyolala kifudifudi nyuma ya jiko langu. Hivyo hata wasukuma mikokoteni wanaonunua vyuma chakavu wamevikataa.

Vilikuwa vya shemeji yangu, Badu. Mji mzima ulimwita Badu Spika. Alimwoa dada yangu Serwaa nikiwa bado nacheza mchangani, na kwa kuwa sisi tulizaliwa wawili tu, akawa ndiye mwanamume wa nyumba yetu. Alikuwa na kibanda cha mbao kando ya jiko langu. Ndani aliweka amplifaya na maiki, na nje alisimamisha nguzo ndefu ya chuma yenye vipaza vinne vilivyotazama pande nne. Kila alfajiri alitangaza mbuzi waliopotea, chanjo za watoto, dawa za mgongo, na vifo. Vifo ndivyo vilivyomlisha. Kwetu watu hawafi kimyakimya.

Tangazo la kifo lilikuwa na utaratibu wake, na Badu hakuuchezea. Wafiwa walimletea chupa ya pombe kali, naye akamwaga kidogo chini ya nguzo. Kisha akakohoa kikohozi chake kile, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Akataja ukoo kwanza. Kisha mkuu wa ukoo, kisha ndugu wa marehemu, kisha watoto, kisha mume au mke. Jina la marehemu lilikuja mwisho kabisa. Ndiyo maana watu walisimama njiani, mtu na mswaki wake mdomoni, wakikisia nani kaondoka kadiri majina ya walio hai yalivyozidi kumzunguka. Akilifikia jina alirudia yote tangu mwanzo, mpaka mara tatu. Siku moja umeme ulikatika katikati ya tangazo. Badu alipanda juu ya kigoda akamalizia kwa mdomo mtupu, mishipa imemtoka shingoni.

Nikamcheka. "Shemeji, huyo maiti anakudai nini?"

"Cheka tu," akasema. "Ukiishia njiani, pale mwisho pa jina panabaki wazi. Nani atapajaza?"

Jambo moja zaidi, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mimi na Serwaa ni Oyoko. Badu alikuwa Asona, na ilibidi iwe hivyo, kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hao ni kaka na dada, hata kama hawajawahi kuonana, na anayelala na dada yake kwetu hana pa kuuficha uso.

Basi Serwaa akaota uvimbe shingoni. Ulianza kama ndimu, ukakua. Sauti ikamwisha, ikabaki mnong'ono. Kisha pumzi nayo ikaanza kubana, akawa analala ameketi, na Badu anaketi naye usiku kucha akimshika mgongo asije akaanguka. Daktari akasema apasuliwe upesi, la sivyo koo litafunga. Hospitali ilitaka pesa kwanza. Siku hizo kila mtu alikuwa na redio na simu mfukoni, na kazi ya Badu ilikuwa imekauka. Akaitazama amplifaya yake asubuhi moja, akaipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe.

"Mumuni ataichukua," akasema.

Tukaenda wote wawili. Mimi nilibeba maiki na nyaya kwenye beseni la uji. Vipaza tuliviacha juu ya nguzo, kwa kuwa vilikuwa na kutu. Badu alizikata nyaya mwenyewe, zikabaki zinaning'inia.

Mumuni alipotuona alipiga makofi. "Badu Spika! Leo nani kafa?"

"Biashara yangu," Badu akasema. "Nipe bei nzuri, shemeji yako yuko hospitali."

"Pole, mzee wangu. Lakini usiniuzie mbuzi kwenye gunia. Washa, sema kitu, nisikie."

Siku nyingine Badu angepiga mluzi, au angehesabu. Ndivyo alivyopima maiki yake miaka yote. Siku ile alikuwa hajalala kwa muda mrefu mno. Alisimama pale amefumba macho, ameegemea friji ya mtu, na mdomo wake ukafanya ulichozoea. Akakohoa. Akasema, "Ndugu wasikilizaji. Ukoo wa Oyoko wa mji huu, pamoja na mkuu wa ukoo, kwa huzuni kubwa..."

Mumuni akazima. "Inatosha, inatosha! Utanifukuzia wateja na misiba yako."

Badu akafumbua macho. Nilimwona uso ukimbadilika. "Iwashe nimalizie," akasema.

"Umalizie nini? Nimeshasikia, inaunguruma kama simba. Shika hela yako."

"Mumuni, iwashe."

"Mzee, nina watu wanasubiri."

Mimi nilikuwa nimeshazishika zile pesa. Dada yangu alikuwa hospitali anavuta pumzi kwa kamba. Nikamvuta shemeji yangu mkono, tukaondoka.

Serwaa akalazwa. Binti yao, Dufie, akaja kutoka Takoradi kukaa na mama yake wodini, na Badu akalala kwenye benchi la nje. Mimi nilirudi mjini, kwa sababu uji hauwezi kujikoroga.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa nimeinamia sufuria. Nikasikia kikohozi juu ya kichwa changu.

Nikadhani Badu karudi. Nikageuka kumsalimia. Kibanda kilikuwa kimefungwa, kufuli nje. Kisha vipaza vikasema, kwa sauti yake, taratibu, sauti ya mtu asiyelala: "Ndugu wasikilizaji. Ukoo wa Oyoko wa mji huu, pamoja na mkuu wa ukoo, kwa huzuni kubwa..."

Kimya. Nyaya zilikuwa zinaning'inia kwenye nguzo, zimekatwa, zinatikisika ingawa hapakuwa na upepo.

Watu walikuja mbio. Wengine walidhani ni mzaha wa Badu, mpaka nilipowaambia yuko Kumasi. Hakuna aliyekubali kupanda nguzo ile. Mchana kutwa akina mama wa Oyoko walitembeleana, kila mmoja akijifanya amekuja kuomba chumvi, kumbe anaangalia nani anakohoa. Bi Konadu, mkongwe wetu kuliko wote, alifunga mzigo akaenda kwa mwanawe Obuasi. Alisema tangazo likimtaka lipande gari, lilipe nauli kama watu wengine. Tulicheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Alfajiri ya pili vilikohoa tena. Vikasema ukoo, vikasema mkuu wa ukoo, kwa huzuni kubwa. Safari hii havikuishia hapo.

"Mdogo wa marehemu, Foriwaa, muuza uji."

Foriwaa ni mimi. Mwiko uliniponyoka ukazama sufuriani. Wateja walinitazama, kisha wakatazama chini, mmoja mmoja, kwa sababu wote waliweza kukisia. Mimi ni mdogo wa mtu mmoja tu duniani.

Niliacha sufuria jikoni na moto wake. Nilimkuta Badu kwenye korido ya hospitali, nikamvuta pembeni, nikamweleza kwa kunong'ona. Hakuuliza mara mbili.

"Ni lile la kwa Mumuni," akasema. "Linajijaza lenyewe."

Tukaenda kwa Mumuni. Safari hii hakupiga makofi. Amplifaya alikuwa ameshaiuza kwa kanisa fulani la huko mbali, na hao walikuwa na maiki zao, kwa hiyo ya Badu ilibaki. Aliitoa chini kabisa ya droo, imefungwa kwenye kitambaa, akaishika kwa ncha za vidole.

"Ichukue. Sitaki hela," akanong'ona. "Mzee, hii kitu inakohoa mle ndani."

Alfajiri ya tatu nilikaa mbali na nguzo, nimeziba masikio kwa mikono yote miwili. Nilisikia vilevile. Ukoo. Mkuu wa ukoo. Mdogo wa marehemu, Foriwaa, muuza uji. "Binti wa marehemu, Dufie, wa Takoradi." Kisha kimya kirefu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuendelea.

Palibaki kutajwa mume, kisha jina. Na Serwaa alikuwa anapasuliwa kesho yake asubuhi.

Badu alikuja kwa gari la kwanza la siku ile ya kupasuliwa, kabla hapajapambazuka sawasawa. Alikuwa na maiki mkononi na chupa kwapani. Nilimwona anavyotembea, akivuta mguu mmoja, kisha mwingine, nikamwonea huruma mpaka nikakasirika. Kwa nini sisi? Mji una Oyoko wangapi?

Alimwaga pombe chini ya nguzo. Waya wa maiki haukuunganishwa popote, ncha yake ilikuwa imelala mchangani. Akakohoa.

Juu, vipaza vikakohoa.

"Utataja nani?" nikamnong'oneza. "Mtaje mama. Alishakufa siku nyingi, hataumia."

Akajaribu. Alisema yote, polepole, na mwishoni akataja jina la marehemu mama yetu. Nilisubiri. Vipaza vilinyamaza. Nikaanza kushukuru. Kisha vikasema, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto:

"Mdogo wa marehemu. Foriwaa. Muuza uji."

"Havimtaki," Badu akanong'ona. "Mama yako si dada yako."

Akainamisha kichwa. Mashariki palianza kuwa peupe.

"Foriwaa. Mimi nikiwa kaka yako, linakaa?"

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa. Mdogo wa marehemu, Foriwaa. Binti wa marehemu, Dufie. Lilikaa, lilikaa kabisa.

"Wewe ni Asona," nikasema.

"Mwanamke wa Oyoko akisema huyu ni ndugu yangu, mbele ya pombe iliyomwagwa, nani atabisha?"

"Na Serwaa?"

"Atakuwa dada yangu."

"Shemeji, mmekaa pamoja miaka yote hiyo. Mna mtoto. Unajua watu watamwitaje Serwaa?"

"Atakuwa hai. Wamwite watakavyo."

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo tena. Sema upesi. Vinakohoa."

Kweli vilikuwa vinakohoa. Vilianza tangu mwanzo, ukoo, mkuu wa ukoo, haraka kuliko kawaida. Vilifika kwangu. Vilifika kwa Dufie. Vikasema, "Mume wa mare..."

"Huyu ni kaka yangu!" nilipiga kelele. "Ni Oyoko! Ni wa tumbo letu!"

Kimya.

Badu akainua maiki. Akatangaza kama alivyowatangazia watu wote wa mji huu, bila kuruka hata neno. Alipofika mahali pa mke, sauti ilimkatika kidogo. "Hakuacha mke," akasema. Kisha akataja jina lake mwenyewe.

Mara ya kwanza ilitoka mdomoni mwake tu. Mara ya pili ilitoka mdomoni na juu, pamoja. Mara ya tatu alikuwa amenitazama, midomo imefungwa, na tangazo lote likapita juu ya vichwa vyetu mpaka mwisho wa mji.

Akanipa maiki. Ilikuwa ya moto.

"Nimechoka, Foriwaa," akasema. "Nijilaze kidogo kibandani."

Nikamwacha alale. Wateja wakaanza kuja, macho yamewatoka. "Tumesikia Badu kafa, na wewe unauza uji?" Nikawaambia hapana, yuko mle, kajilaza sasa hivi, hata uji bado haujachemka. Tukafungua mlango. Alikuwa kwenye mkeka, mikono kifuani. Mzee mmoja alimgusa shingo, kisha akajaribu kumkunja mkono, haukukunjika.

"Huyu si wa leo," mzee akasema. "Huyu ni wa jana."

Adhuhuri, tukiwa bado tumemkalia pale, simu ikalia. Ilikuwa Dufie, analia kwa furaha. Mama ametoka salama. Ameomba maji, na ameyaomba kwa sauti. Nilishika simu tu.

Watu wa Asona walikuja kumchukua mtu wao. Walitukana, walitishia, wakasema tumemroga. Wazee wetu wakawajibu kwamba mji mzima umesikia, tena mara tatu, na kama wao wana ubavu wa kulisahihisha tangazo lile, nguzo hiyo hapo. Wakaitazama nguzo. Wakatuachia maiti.

Serwaa alirudi siku ya mazishi, bandeji shingoni. Nilikuwa nimemtandikia mkeka kwenye safu ya dada wa marehemu, na kitambaa chekundu cha ndugu wa damu nimekikunja juu yake. Aliutazama ule mkeka kwa muda.

"Mjane anakaa wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi, nzito kidogo, lakini ilikuwa yake.

Nikamvuta pembeni, nikamwambia yote. Hakunikatiza. Aliweka kidole juu ya bandeji na kukiacha hapo.

"Alikuwa mume wangu," akasema.

"Dada, nakuomba. Ukimwita mume, basi hakuwa ndugu yetu. Na kama hakuwa ndugu yetu, pale pa jina hapakuwa pake kupajaza. Panabaki wazi."

"Nimesikia."

"Alikufa ili usife!"

"Nimesikia, Foriwaa. Mimi sitamlilia Badu kama kaka. Pabaki wazi tu."

Akaenda kuvaa nguo nyeusi za mjane. Akapita mbele ya watu wote, Oyoko na Asona, akaenda kukaa peke yake mahali pa mjane. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Mimi nilikaa kwenye ule mkeka, kitambaa chake chekundu kikiwa kando yangu, nikalia kwa hasira na kwa woga.

Alfajiri ya pili baada ya mazishi, vipaza vilikohoa. Havikusema neno, ni kile kikohozi kidogo tu, halafu kimya cha kusubiri.

Tulimwita fundi wa kuchomelea akaikata nguzo. Vipaza nikavilaza kifudifudi nyuma ya jiko, nikaviwekea matofali mgongoni. Asubuhi yake vilikohoa kwenye udongo. Na kutoka chumbani kwake, kwa sauti ile nzito, Serwaa akaitika, kama mke anayeitwa na mumewe kutoka uani.

"Nipo."

Imekuwa hivyo tangu siku hiyo. Vinakohoa, anaitika, vinanyamaza. Mwaka wa nguo nyeusi ulikwisha, hakuzivua. Nilimsihi mpaka nikachoka kusihi. Nilikuwa namwonea wivu wakati mwingine, Mungu anisamehe, maana mimi sina anayenikoholea. Ile maiki nimeitundika kwenye msumari jikoni, ncha ya waya inaning'inia tu. Kila alfajiri, wakishamaliza salamu zao, naigusa. Huwa ya moto, na ule wavu wake una unyevunyevu, na inanuka mswaki wa mti aliokuwa akitafuna Badu.

Leo alfajiri vilikohoa kama kawaida. Nikasimamisha mwiko, nikasubiri ile "Nipo" ya dada.

Vikakohoa tena.

Nimeigusa maiki. Ni baridi, imekauka kabisa. Uji umeshika chini, nasikia harufu yake, na wateja wameanza kuita. Mlango wa dada uko palepale ng'ambo ya uwanja, umefungwa, na bado sijaenda kuugonga.